Urefu wa Jicho Juu ya Maji

Mabibi na mabwana, na hasa ninyi wanafunzi mnaoshika rangi za mafuta kwa mara ya kwanza, naomba tuanze na jambo ambalo kwa kawaida huachwa hadi mwisho, nalo ni mahali pa kukaa. Mchoraji wa mandhari ya mto huamua sura ya maji yake kabla hajafungua tyubu hata moja.

Sababu yake ni ya kimaumbile. Maji tulivu yakitazamwa wima kutoka juu huakisi takriban asilimia 2 tu ya mwanga, na mwingine huzama ndani, ndiyo maana tunaona mchanga au udongo uliomo. Lakini kadiri jicho linavyoshuka na kuyatazama kwa mshazari, ndivyo mwakisiko unavyozidi, hata upande wa mbali ukabaki kuwa mbingu na miti mitupu. Anayeutazama Mto Tana kutoka darajani Garissa wakati wa mafuriko hana budi kuchanganya kahawia nzito. Akishuka ukingoni na kuketi, mbingu itaanza kuifunika kahawia hiyo.

Mchoraji Mfaransa Charles-François Daubigny alilitumia jambo hili vyema. Mwaka 1857 alianza kuchora akiwa ndani ya mashua yake yenye kibanda, iliyoitwa Botin, katika mito Oise na Seine nchini Ufaransa. Claude Monet naye akawa na mashua ya namna hiyo huko Argenteuil, na mwaka 1874 Édouard Manet alimchora akiwa kazini humo. Wengi husimulia habari hizi kama vituko vya wasanii. Mimi nauona ni uamuzi wa kiufundi, kwa kuwa aliyeketi ndani ya mashua ana jicho lililo karibu mno na maji.

Msidhani, hata hivyo, kwamba mwakisiko ni nakala iliyopinduliwa ya kile mnachokiona ng'ambo. Mwakisiko ni kile ambacho kingeonwa na jicho lililo chini ya uso wa maji, kwa kina kilekile ambacho jicho lenu limeinuka juu yake. Kwa hiyo tumbo la daraja huonekana zaidi majini kuliko hewani, na mti ulio nyuma ya ukingo mrefu huenda usionekane majini kabisa.

Hapo ndipo mafuta yanapotufaa, kwa sababu hukauka polepole kwa kuungana na oksijeni ya hewa. Changanyeni rangi ya mbingu kwa wingi, mchote sehemu yake kwa ajili ya maji na kuifanya iwe na giza kidogo. Giza la miti, kinyume chake, lipunguzwe makali linapoingia majini. Vuteni brashi kutoka juu kwenda chini, kisha, rangi ikiwa bado mbichi, pitisheni brashi kavu kwa ulalo, kwa wepesi, mara moja tu. Tabaka la kwanza liwe jepesi, lililozimuliwa kwa tapentaini, na yanayofuata yaongezewe mafuta ya kitani. Mkigeuza utaratibu huo, tabaka la juu litapasuka.

Kwa zoezi la leo, kila mmoja achukue vibao viwili vidogo na kuchora mahali palepale mara mbili, kwanza akiwa ameketi ukingoni, kisha akiwa amesimama darajani. Miti ichorwe kwa haraka. Muda wenu utumieni majini.