Kiingereza cha Mtoto Hakipitii Kifaransa

Mhadhara kwa wafasiri wa hadisi za watoto, Bukavu, mashariki mwa Kongo

Ndugu walimu, mama na baba, na nyinyi vijana mnaoandika, habari za jioni. Tuingie moja kwa moja kazini.

Hadisi tunazofasiri kwa Kiingereza hazina safari ndefu ya kumfikia msomaji. Ukivuka mto Ruzizi tu uko Rwanda, nchi iliyoamua mwaka 2008 kufundishia kwa Kiingereza. Uganda na Kenya ni vilevile tangu zamani. Taabu iko upande wetu: sisi tulisoma kwa Kifaransa, na Kifaransa hicho kinajipenyeza katika kila mstari bila kubisha hodi.

Sababu yake ni ya kale. Mwaka 1066 Wanormandi waliiteka Uingereza, na kwa muda mrefu wakubwa wa nchi hiyo na mahakama zake walitumia Kifaransa, huku wakulima na watoto wao wakibaki na Kiingereza chao. Ndiyo maana leo Kiingereza mara nyingi kina njia mbili za kusema jambo moja: ya kwanza fupi, ya nyumbani, ya pili imeingia na Kifaransa na bado inanuka ofisi. “Climb down” na “descend”. “Start” na “commence”. “Go in” na “enter”. “Find out” na “discover”. Mtu aliyefunzwa Kifaransa hunyakua la pili kwa sababu linafanana na analolijua. Sarufi haina kosa, lakini Sungura anaanza kuongea kama hakimu.

Tuchukue mstari mmoja: “Sungura akashuka kwenye muti, akaingia nyumbani, akamuuliza mama yake: Mama, chakula iko wapi?” Tafsiri inayoletwa mara nyingi ni hii: “The rabbit descended from the tree, he entered in the house and he demanded to his mother: Mother, the food is where?” Hesabuni makosa. “Descended” ni la ofisi. “Entered in” ni “entrer dans” iliyovaa koti la Kiingereza. “Demanded” ndilo baya kuliko yote: “demander” ni kuuliza au kuomba tu, lakini “demand” ya Kiingereza ni kudai kwa ukali, kwa hiyo mtoto mwenye njaa amegeuka mkorofi. Na mtoto Mwingereza kwa kawaida haulizi chakula kiko wapi. Anauliza kuna nini cha kula. Andika: “Hare climbed down the tree, went inside and asked his mum, ‘What's there to eat?’” Sungura wa hadisi za Afrika kwa kawaida huitwa “Hare”, “Rabbit” mwachie yule wa kufugwa kwenye kibanda.

Mmeona pia kwamba nimeondoa “the” na kuweka herufi kubwa. Katika hadisi Sungura ni jina la mhusika. Ukiamua “Hare”, iwe “Hare” hadi ukurasa wa mwisho. Ukiamua “the hare”, basi mara ya kwanza ni “a hare”, kisha “the hare”. Kuchanganya hizi mbili ni kosa dogo lenye madhara makubwa: mtoto anadhani sungura wameongezeka.

Sasa jambo ambalo Kiswahili hakitusaidii hata kidogo. “Fisi akamwambia Chui kwamba atamsaidia.” Kwetu ni safi. Kwa Kiingereza, ukitumia viwakilishi tu: “He told him that he would help him.” Nani anamsaidia nani? Kuna njia tatu. Rudia jina, maana hadisi ya mtoto haichoki na majina. Au geuza usemi uwe wa moja kwa moja: “‘I'll help you,’ Hyena told Leopard.” Mimi naipenda hii kuliko zote, kwa sababu mtoto anasikia sauti ya Fisi mwenyewe. Au mfanye mmoja awe “she” na mwingine “he”. Hapo pana mtego: hadisi yetu haikusema Fisi ni dume au jike, wewe ndiye unayeamua. Ukimpa kila mjinga “she” na kila mwerevu “he”, umeongeza fundisho ambalo msimuliaji hakulitoa. Tazama michoro, muulize msimuliaji kama yupo, kisha andika orodha kabla ya kugusa ukurasa wa kwanza: jina, “he” au “she”, na kama linatanguliwa na “the”. Programu za kutafsiri kwa kawaida hazikuulizi. Hukisia zenyewe, na ukurasa unaofuata zinaweza kukisia tofauti.

Ile -ka- yetu nayo ina mtego. “Akaenda, akachota, akapika, akala” haitaki “and then” nne. Koma, koma, na “and” moja kabla ya tendo la mwisho, basi. Lakini marudio ya makusudi yasiguswe. “Wakatembea, wakatembea, wakatembea” ni “They walked and walked and walked.” Kiingereza kinaipenda sana mbinu hii, ila kinaifunga kwa “and”. Anayefupisha kuwa “They walked for a long time” ameua wimbo.

Milio: chubwi ya mbuzi ni “Splash!”, chubwi ya chura ni “Plop!”. Pu! ya gunia ni “Thud!”. Giza totoro ni “pitch dark”. Nyeupe pe ni “as white as milk”. “Snow” pia ni sahihi, lakini sioni kwa nini theluji iingie katika hadisi ya kisiwa cha Idjwi, hapa katika ziwa Kivu.

Mazungumzo yanataka vifupisho: “don't”, “I'm”, “let's”. “Let us go” ni ya padri. Mtoto akianguka na mama akasema “Pole!”, usiandike “Sorry!” bila kufikiri: hapa jirani itaeleweka, lakini msomaji wa London atadhani mama ndiye aliyemsukuma. “Oh dear! Are you all right?” inatosha. “Yaya, ningoje!”, yaya akiwa kwetu kaka au dada mkubwa, haiwi “Elder brother, wait me!” Waingereza humwita kaka kwa jina lake: “Amani, wait for me!” Mama Furaha, hata hivyo, mwacheni awe Mama Furaha. Fufu na sombe, yaani ugali na kisamvu chetu, pia zibaki, mchoro utaeleza. Kuweka maelezo ya unga wa mihogo katikati ya sentensi kunasimamisha hadisi jikoni.

Sifa zina foleni yake: ukubwa kwanza, rangi baadaye. “A little brown bird.” Ukigeuza, kila mtoto aliyezaliwa na lugha hiyo atasikia kitu kimevunjika, ingawa hawezi kukwambia ni nini.

Naona mkono kule nyuma, kuhusu urefu: mbona tafsiri inakuwa ndefu kuliko hadisi yenyewe? Swali zuri. Kiswahili hubana mambo: “hawakutuona” ni neno moja, Kiingereza chake ni manne, “they didn't see us”. Ukurasa wa maneno kumi unaweza kufika kumi na nane. Wachapishaji wengi wa vitabu vya watoto hupanga ngazi kwa idadi ya maneno kwenye ukurasa, kwa hiyo kitabu cha wanaoanza kinaweza kuhamia ngazi ya juu bila wewe kujua. Hesabu maneno ya kila ukurasa baada ya kufasiri. Yakizidi, unganisha sentensi mbili ziwe moja fupi, au acha kile ambacho mchoro tayari umekionyesha: kama mtoto amechorwa na ndoo ya njano, neno “yellow” si la lazima.

Kisha soma kwa sauti, maandishi ya Kiswahili yakiwa yamefunikwa. Panapokukata pumzi, weka alama. Halafu mpe mtoto asome bila kumsaidia. Anapokwama mara mbili mahali pamoja, badilisha neno, usimlaumu mtoto. Nyimbo zilizomo ndani ya hadisi ziacheni kwa lugha yake, na maana iwekwe ukurasa wa mwisho, mistari miwili mitatu, kwa ajili ya mwalimu.