Kwa Nini Tunapaka Polima Kwanza: Jibu kwa Mtazamaji wa Kigoma

Shikamooni wazee wangu, na ninyi vijana wenzangu wa Ujiji, Mwanga na Kibirizi, hamjambo. Mwanafunzi mmoja wa kidato cha sita huko Kigoma ameuliza hivi: iwapo tunataka kioo kilichopakwa polima (kemikali ya minyororo mirefu, kama plastiki) kishike protini fulani, kwa nini protini hiyo isichanganywe na polima tangu mwanzo?

Ingechanganywa, sehemu kubwa ingezama ndani ya utando isifae kitu, na viyeyusho vya upakaji vingeweza kuiharibu. Mitumbwi ya Kibirizi nayo hupakwa rangi kwanza, jina likaandikwa juu baadaye. Sisi hupaka polima yenye vikundi vya azidi (nitrojeni tatu zilizoshikana), na utando ukishatulia ndipo tunaleta protini iliyofungwa alkaini (kikundi chenye kaboni mbili zilizoungana kwa kifungo cha mara tatu). Viwili hivyo hukutana na kuunda pete ya triazoli, yaani pete ya atomi tano, tatu zikiwa nitrojeni, ambayo ni imara sana, huku sehemu nyingine za protini zikiachwa karibu zote bila kuguswa. Hiyo ndiyo kemia ya kliki.

Bila kichocheo, mmenyuko huu kwa kawaida hudai joto, na protini haivumilii joto. Mwaka 2002 Morten Meldal, hapa Denmark, na kundi la Barry Sharpless kule Marekani, kila upande kivyake, walionyesha kwamba shaba huuharakisha mno. Shaba yenyewe hutoka kwenye mrututu, ule wa buluu ambao wakulima wanaufahamu, ukiongezewa askobeti ya sodiamu, ambayo ni chumvi ya vitamini C.

Tatizo ni kwamba mabaki ya shaba ni sumu kwa seli. Kwa kioo cha kupimia maabara sioni shida, mradi kioshwe vizuri kwa EDTA, kemikali inayonasa shaba na kuiondoa. Lakini kwa kifaa kitakachoingia mwilini ningechagua njia ya Carolyn Bertozzi ya mwaka 2004, isiyotumia shaba kabisa, kwa kuwa alkaini yake imekunjwa katika pete ya kaboni nane na mkazo wa pete hiyo ndio unaousukuma mmenyuko. Ni ghali, tena sana. (Watatu hao walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2022.)

Mwalimu wa mwanafunzi aliyeuliza asiagize azidi ya sodiamu kwa ajili ya shule: ni sumu kali, na ikikutana na asidi hutoa gesi ya kuua. Aanze na tone la maji juu ya kioo kitupu na juu ya kioo kilichopakwa polima, alipige picha kwa simu kutoka ubavuni, kisha wanafunzi wapime pembe ya tone katika kila picha, waone jinsi polima ilivyobadilisha uso wa kioo.