Unyayo Hukariri Sakafu: Mhadhara juu ya Kumzoesha Mtoto wa Mbwa Kujisaidia Nje

Mheshimiwa mwenyekiti wa wakazi, wazee wetu, mabibi na mabwana,

Nawashukuru kwa kunikaribisha, na nawashukuru zaidi kwa kunieleza bila kuficha sababu ya kuniita. Nimeambiwa kwamba katika jengo hili kuna kaya kadhaa zilizochukua watoto wa mbwa tangu mwaka uanze, kwamba lifti imekojolewa zaidi ya mara moja, na kwamba wapo majirani ambao hawasalimiani tena kwa ajili hiyo. Mimi ni daktari wa mifugo. Ugomvi wa majirani siuwezi, lakini mkojo wa mtoto wa mbwa nimeshughulika nao kwa miaka mingi, kwenye meza ya matibabu, kwenye sakafu ya nyumba yangu, na mara nyingine ndani ya viatu vyangu.

Wengi wetu hapa tumelelewa katika nyumba ambazo mbwa alikuwa kiumbe wa uani. Alilala bandani au chini ya mwembe, akala makombo ya ugali, na hakuna aliyemfundisha mahali pa kujisaidia. Wala hatukujiuliza kwa nini, pamoja na kuitwa mbwa koko, hakuwahi kuchafua mahali alipolala. Ningependa tuanze na swali hilo, kwa sababu anayelijua jibu lake hupata nusu ya kazi imekwisha kufanyika.

Mtoto wa mbwa anapozaliwa hawezi kukojoa wala kupata choo mwenyewe. Kwa wiki 3 hivi za mwanzo mama humlamba tumboni na sehemu za nyuma, ulambaji huo ndio unaomfanya aachie haja, na mama huila haja yote ili malalo yabaki makavu. Miguu inapopata nguvu, mtoto huanza kutoka malaloni huku akiyumbayumba, hujisaidia hatua chache kando, kisha hurudi kujilaza kwa wenzake. Hakuna aliyemwamuru. Baadaye, inapokaribia wiki ya 8 au ya 9, hutokea jambo la pili, ambalo watafiti John Paul Scott na John Fuller walilieleza baada ya kulea na kuchunguza mamia ya watoto wa mbwa katika maabara ya Bar Harbor nchini Marekani: mtoto huanza kuwa na mahali pake maalumu pa kujisaidia, na hupenda kurudi papo hapo. Anaporudi huongozwa na pua, inayonusa haja ya jana, na huongozwa pia na kile anachokikanyaga. Aliyezoea mchanga hutafuta mchanga, na aliyezoea majani hutafuta majani. Unyayo hukariri sakafu.

Sasa fikirini wanakotoka watoto wa mbwa wengi wanaouzwa mijini. Huzaliwa ndani ya kizimba chenye sakafu ya saruji, wakajazana humo hadi siku ya kuuzwa, na sakafu ikaoshwa kwa mpira wa maji mara moja au mbili kwa siku. Mtoto wa namna hiyo hana kando ya kwenda. Hujisaidia alipo, hulala palepale, na ile tabia ya usafi aliyoachiwa na mama yake hufifia kidogo kidogo. Kisha anaingia nyumbani kwako akiwa na miezi 2, anakuta marumaru yanayong'aa, baridi na magumu kama saruji aliyoizoea, naye anafanya kile ambacho nyayo zake zinamwambia. Wewe unaona ukaidi, ilhali yeye, kwa elimu aliyonayo, amefika chooni.

Kwa hiyo nasaha yangu ya kwanza humhusu mnunuzi kabla hajawa mnunuzi: omba uoneshwe mahali walipolelewa. Ukikuta watoto wanatoka nje kwenye udongo, hata kama ni kipande kisichozidi ukubwa wa mkeka, umepata mwanafunzi aliyekwisha kuanza darasa. Ukikuta saruji tupu, bado unaweza kumchukua, lakini ujue kwamba utakaa naye katika kazi hii kwa miezi mingi zaidi, na usimlaumu yeye.

Nasaha ya pili ni kwamba kabla ya kufikiria mahali, fikiria kitu kitakachokuwa chini ya miguu yake. Nimetembelea nyumba zenye uzio wa fahari ambazo ua wote umesakafiwa kwa pevingi, na mwenye nyumba analalamika kwamba mbwa akitolewa nje hukaa dakika 20 akitazama ndege, halafu akirudishwa ndani hukojoa sebuleni. Ukiuliza udongo uko wapi, unaoneshwa chungu cha maua. Hata ninyi wa ghorofani mnaweza kupata udongo. Chukueni beseni pana na lenye kina kifupi, litieni mchanga au udongo wenye majani, liwekeni kwenye roshani, na hapo mtoto wa mbwa atakuwa na ardhi yake. Magazeti siyapendi. Yanafyonza kweli, lakini humfundisha mtoto kwamba kitu chembamba kilichotandikwa sakafuni ndicho choo, na katika nyumba zetu vitu vyembamba vinavyotandikwa sakafuni ni pamoja na mkeka wa wageni na mswala wa bibi.

Beseni hilo lina faida nyingine, na hapa naomba mnivumilie, maana hili la chanjo huwachanganya watu wengi. Mtoto wa mbwa huanza kuchanjwa akiwa na wiki 6 hadi 8, na chanjo za msingi hurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka afikishe wiki 16 hivi. Kabla ya hapo hana kinga ya kutegemewa dhidi ya ugonjwa wa parvo, unaoua watoto wa mbwa kwa kutapika na kuhara damu, na virusi vyake hudumu udongoni kwa miezi mingi. Kumpeleka kwenye uwanja unaopitwa na kila mbwa wa mtaa ni kumtia hatarini. Kungoja hadi wiki ya 16 ndipo aanze kukanyaga udongo ni kumwacha apitwe na wakati ule ambao nyayo zinakariri. Watu wa kale walisema udongo upatize ungali maji, na hapa usemi huo una maana ya moja kwa moja. Suluhisho ni udongo usiofikiwa na mbwa wengine: beseni la roshani, au kipembe cha bustani iliyozungushiwa uzio ambamo hakuna mbwa aliyeugua.

Choo chake kiokotwe kila siku. Watoto wengi wa mbwa huzaliwa tayari na minyoo aina ya Toxocara, waliyoipata wakiwa tumboni mwa mama. Mayai ya minyoo hiyo hayaambukizi siku yanapotoka. Huhitaji wiki kadhaa udongoni ili yakomae, na yakiisha kukomaa yanaweza kumdhuru mtoto wa binadamu anayechezea mchanga kisha akatia vidole mdomoni. Anayeokota leo anakuwa ameyawahi. Dawa ya minyoo nayo huanza mapema, mtoto akiwa na wiki 2, hurudiwa kila wiki 2 katika miezi ile ya mwanzo, na hutolewa kwa uzito wa mnyama, si kwa kukisia.

Nije kwenye saa. Mtoto wa miezi 2 asitarajiwe kubana mkojo kwa muda unaozidi saa 3 wakati wa mchana, akiwa ametulia. Akiwa mchezoni huenda asifikishe hata saa 1. Zipo nyakati ambazo haja haikosi: anapoamka, hata kama alisinzia kidogo tu, kati ya dakika 5 na 30 baada ya kula, kwa kuwa tumbo likipokea chakula utumbo mpana nao huamshwa, baada ya kucheza kwa nguvu, na kabla ya kulala. Mpe chakula mara 3 au 4 kwa siku, kwa saa zisizobadilika, na uondoe sahani baada ya dakika 15 au 20. Anayeachiwa chakula kutwa nzima hujisaidia kutwa nzima, wala hapana binadamu anayeweza kukisia saa yake. Maji usimnyime, katika joto la Dar es Salaam, kumnyima mtoto wa mbwa maji ili sakafu ibaki kavu ni ukatili, na husaidia kidogo sana.

Saa ikifika, mbebe. Nasisitiza neno hilo: mbebe, usimtembeze, kuanzia alipolala mpaka anapokanyaga udongo, kwa kuwa akiwa mikononi kwa kawaida hujizuia, ilhali akitembea kwenye ukumbi au akisimama kwenye lifti huachia njiani. Nanyi mnajua kwamba tunaishi na majirani wanaofuata madhehebu ya Shafii, ambao kwao unyevunyevu wa mbwa ni najisi inayohitaji kuoshwa mara 7, moja kati ya hizo kwa udongo. Jirani aliyetia udhu akienda kusali hapaswi kuanza kuruka madimbwi mlangoni kwake. Kumbeba mtoto wa mbwa kunalinda mafunzo yake na kunalinda pia ujirani.

Akifika kwenye udongo, simama kimya kwa dakika 5 au zaidi. Usicheze naye, usimsemeshe. Akianza, mwache amalize. Akimaliza, mpe kipande cha dagaa palepale, ndani ya sekunde 1 au 2. Dagaa wakavu wasio na chumvi, waliovunjwavunjwa vipande vidogo, wanashinda biskuti zote za madukani ambazo nimewahi kuzijaribu, na bei yake mnaijua. Wengi hukosea hapa: wanampongeza baada ya kurudi ndani, naye anajifunza kwamba kurudi ndani ndiko kunakoleta dagaa, kwa hiyo hukatiza haja yake na kukimbilia mlangoni. Msimrudishe ndani mara tu anapomaliza. Aachiwe achezecheze kidogo, asije akagundua kwamba kukojoa ndiko kunakomaliza starehe, akaanza kuchelewesha.

Kati ya safari moja na nyingine asiachwe azurure. Ama awe machoni pako, amefungwa kamba ya mita 2 iliyotiwa kiunoni mwako au kwenye mguu wa kiti chako, ama awe ndani ya kizimba kidogo chenye tandiko. Kizimba kiwe cha kumtosha kusimama, kugeuka na kujinyoosha, basi. Kikizidi, atalala upande mmoja na kufanya choo upande wa pili. Lakini kizimba si ghala. Kumfungia mtoto wa miezi 2 tangu saa 1 asubuhi hadi saa 11 jioni ni kumrudisha kwenye saruji ya muuzaji, alale juu ya mkojo wake mpaka azoee. Kama nyote mnaondoka kwenda kazini, mtafuteni mtu wa kumtoa. Mkimwachia dada wa kazi shughuli hiyo, mfundisheni mambo haya yote kama ninavyowaeleza ninyi, na mumwongeze ujira, kwa sababu mmemwongezea mtoto wa kulea.

Niseme kuhusu adhabu. Wapo wanaomshika mtoto wa mbwa shingoni na kumsugua pua kwenye mkojo, wakiamini kwamba anajua alichokosea, kwa ushahidi kwamba anainamisha kichwa na kukwepesha macho. Mwaka 2009 mtafiti wa Marekani, Alexandra Horowitz, alichapisha jaribio zuri juu ya sura hiyo: wenye mbwa waliambiwa, nyakati nyingine kwa uongo, kwamba mbwa wao amekula chakula alichokatazwa. Sura ya hatia ilionekana zaidi pale mwenye mbwa alipokaripia, awe mbwa amekosa au hakukosa. Mbwa alikuwa akisoma uso wa bwana wake. Niliwahi kuletewa jike la miezi 4 ambalo, kwa maelezo ya mwenyewe, lilikuwa na maradhi ya kibofu, kwa kuwa halikukojoa kamwe linapotolewa nje. Kibofu kilikuwa kizima. Lilikuwa limechapwa kila lilipoonekana likikojoa, likahitimisha kwamba kukojoa mbele ya mtu ni hatari, likawa linajificha nyuma ya friji. Tulichukua zaidi ya miezi 2 kulirudishia imani. Ukimkuta katikati ya tendo, piga makofi mara moja ili ashtuke kidogo, mbebe umpeleke kwenye udongo. Ukikuta dimbwi limekwisha kupoa, chukua tambara.

Na tambara lenyewe lina utaratibu wake. Msianze na dekio, maana husambaza mkojo kwenye grauti kati ya marumaru, na grauti hutunza harufu. Kausheni kwanza kwa kitambaa au karatasi, osheni kwa sabuni ya unga yenye vimeng'enya, suuzeni, kisha pitisheni siki iliyochanganywa na maji. Jik juu ya mkojo mbichi hutoa mvuke unaochoma macho na kifua, na Jik ikichanganywa na siki hutoa gesi ya sumu, kwa hiyo chagueni moja. Kitambaa kile cha kwanza msikitupe chote. Kata kipande, ukifukie kwenye udongo wa beseni, pua yake itamweleza kilichobaki.

Wengi huelewa kati ya miezi 4 na 6, ingawa mbwa wa maumbo madogo huchelewa na wengine hufikisha mwaka. Ajali zitakuwapo. Ila wapo wasiohusika na somo hili la leo: yule aliyekwisha kuzoea kisha akaanza ghafla kukojoa kidogo kidogo kila baada ya dakika chache, au mwenye damu kwenye mkojo, au jike linalovuja hata likiwa usingizini. Hao waleteni kwa daktari, kwa sababu wanaumwa. Na yule anayekojoa kwa msisimko unapoingia mlangoni, msalimie ukiwa umechuchumaa, kwa sauti ya chini, bila kumwinamia, na ikiwezekana mkutane kwenye udongo kabla ya salamu.

Naona mkono umenyanyuliwa kule nyuma na mama aliyefika na mtoto wa mbwa kikapuni. Mama, nitakujibu, lakini ameanza kuzunguka huku ananusanusa, na mlango wa bustani uko kushoto kwako.