Mpe Mtoto Maji: Mhadhara kwa Wazazi Wanaosafiri na Watoto Wadogo kwa Basi

Mabibi na mabwana, karibuni. Wanaonijua wanajua nitaanza na nini, kwa hiyo naona mmeshaanza kucheka. Chekeni tu. Nitaanza na maji. Mratibu amenipa mada ndefu: siti, chakula, kutapika, michezo, mizigo. Tutafika huko tukijaliwa muda. Lakini likizo ya Juni iko mlangoni, na kwenye kila basi la Mwanza litakalotoka pale stendi ya Mbezi, Dar, kutakuwa na mtoto wa mwaka mmoja na nusu ambaye mama yake ameshaamua tangu usiku kwamba leo hanywi maji mpaka Dodoma.

Kisa? Asikojoe.

Hoja yenyewe naielewa. Konda hataki kusimamisha gari. Choo cha stendi kina foleni. Jirani wa siti amevaa suruali nyeupe na anakutazama tangu Kibaha. Sasa tufanye hesabu. Mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu anahitaji vinywaji vya kama lita moja kwa siku, yaani vikombe vinne vya robo lita, maziwa, uji na maji vyote vikiwemo. Dar hadi Mwanza ni zaidi ya kilomita 1,100. Basi haliruhusiwi kuvuka kilomita 80 kwa saa. Weka kusimama kupimwa uzito kwenye mizani ya Vigwaza, weka ya Mikese, weka ya Nala, weka matuta ya kila kijiji, weka kusimama kula. Kwa huyo mtoto, hiyo ndiyo siku yake yote: ndimo anamoamka, anamocheza na anamolala. Kumnyima maji mpaka Dodoma ni kumnyima tangu alfajiri hadi mchana mkubwa, tena ndani ya basi ambalo madirisha yamefungwa kwa ajili ya vumbi, naye kavalishwa sweta na kofia ya sufu kwa sababu bibi alisema njiani kuna upepo.

Mwili mdogo hukaukiwa upesi kuliko wetu. Ukilinganisha na uzito wake, mtoto anapoteza maji mengi zaidi kwa ngozi na kwa pumzi. Basi anaanza kulialia. Mama anadhani ni njaa, anampa biskuti. Biskuti kavu! Kiu inazidi, kilio kinapanda. Wanapita wauzaji dirishani, ananunuliwa juisi ya boksi. Juisi ina sukari nyingi, na sukari nyingi ikifika kwenye utumbo inavuta maji. Mkifika Gairo mtoto anaharisha. Ulikimbia mkojo, mama. Hicho ulichokutana nacho ni nini?

Kwa hiyo dawa ni kumpa kidogo kidogo. Kibofu cha mtoto wa miaka miwili kinabeba kama mililita 100, basi. Ukimhurumia pale Msamvu, stendi ya Morogoro, ukamnywesha nusu lita kwa mpigo, atakojoa mara mbili au tatu kabla hata hamjafika mbali, na utasema, "Unaona? Maji mabaya." Maji hayana kosa, kosa ni kipimo. Mpe mililita 30, vijiko sita vya chai, mafunda mawili matatu, kila nusu saa akiwa macho. Saa 12 za kuwa macho zinakupa mililita 720. Ongeza kikombe cha uji alichokunywa asubuhi, umekaribia lita yako. Tumia kikombe chenye mfuniko na mdomo mdogo. Chupa ya kunyonyea acha nyumbani, maana njiani huna pa kuichemsha. Na msimpe wakati gari linaruka matuta. Subirini lami inyooke.

Walio chini ya miezi sita hawamo kwenye hesabu hii. Hao ni maziwa ya mama tu, hata kijiko cha maji hapana, na mama ndiye anywe. Nawajua mnaojinyima wenyewe vilevile, halafu mnafika Singida kichwa kinagonga mnasema ni uchovu wa safari.

Dalili za kukauka mnazijua lakini nazirudia. Pampasi kavu kwa muda wa saa sita. Mkojo kidogo, rangi ya chai ya rangi. Analia machozi hayatoki. Mdomo umekauka, macho yamezama. Mfinye ngozi ya tumbo taratibu uiachie: ikirudi polepole, hali si nzuri. Akilegea, au akishindwa kunywa, mwambieni dereva asimame kwenye kituo cha afya kilicho karibu, mshuke. Nauli nyingine mtatafuta.

Kila begi la mtoto liwe na pakiti mbili za ORS, ile dawa ya unga ya kuchanganya na maji kwa mtoto anayeharisha. Na hapa watu wanakosea kitu kimoja kilekile: pakiti ya lita moja wanaimwaga kwenye chupa ya nusu lita, inakuwa chumvi kali, au kwenye chupa kubwa ya lita moja na nusu, inakuwa maji tu. Soma pakiti inasemaje. Kama ni ya lita moja na mkononi una chupa ya lita moja na nusu, punguza theluthi kwanza, yanywe wewe, ndipo umimine dawa. Chini ya miaka miwili, kila akiharisha mpe mililita 50 hadi 100. Akishatimiza miwili, 100 hadi 200. Akitapika, subiri dakika kumi, anza tena kwa kijiko. Maji hayo ya dawa yakizidi saa 24 tangu uyachanganye, mwaga.

Haya, na mkojo wenyewe? Naona dada pale ananyoosha mkono tangu zamani. Pampasi moja kila saa tatu, halafu tatu za akiba za gari kuharibika. Kwa safari ya saa 18 hiyo ni tisa. Watu wanabeba nne. Aliyekwisha kuacha pampasi nyumbani mvalishe tu siku hiyo, umwambie ni ya basi. Mtaniambia atasahau alichofunzwa. Siku moja haimsahaulishi. Kinachomrudisha nyuma ni kujikojolea mbele za watu na kugombezwa.

Akiikataa pampasi, kuna kopo. Chukua kopo pana lenye mfuniko wa kubana, lile la majarini au la aiskrimu la lita mbili. Kata kando za pampasi, ilaze wazi ndani ya kopo, upande wa pamba juu. Mtoto anachuchumaa katikati ya magoti yako, kanga unaizungusha kama pazia, anakojoa, pamba inanyonya, hakuna cha kumwagika gari likikata kona. Unakunja, unafunika, unakwenda kuitupa kwenye pipa mkisimama. Si dirishani! Kopo hilohilo linafaa kwa matapishi, na kopo tupu la pili ni zuri kuliko moja. Zamani konda aligawa mifuko ya plastiki. Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ile imepigwa marufuku, na ule mfuko mbadala wa kitambaa, msiujaribu, unavuja.

Kila gari likisimama, hata dakika tano, mshushe akojoe, aseme hataki asiseme hataki. Na konda muwahini kabla hali haijaharibika. Mwambie mapema, "Kaka, nina mtoto, nitahitaji kuchimba dawa baada ya saa mbili," yaani kujisaidia porini. Akiambiwa kabla anapanga na suka wake, yaani dereva. Akiambiwa mtoto akiwa ameshaanza kujikunja, anakasirika, na mnakuwa wawili mnaolia.

Sasa nakuja kwenye jambo linalonikera kuliko yote, na linashikana na hilo la maji. Dawa ya kumlaza. Mtu anakwenda duka la dawa, "Nipe Piriton ya maji, nasafiri na mtoto." Wengine promethazine, dawa nyingine ya mzio inayolaza. Promethazine hairuhusiwi kabisa kwa mtoto chini ya miaka miwili, kwa sababu inaweza kumpunguzia kupumua. Na kwenye basi la usiku, taa zimezimwa, mtoto kafunikwa shuka, nani atamwona? Piriton ni dawa ya mzio, haikutengenezwa iwe yaya. Inakausha mdomo, inaweza kuzuia mkojo, na mtoto aliyelazwa na dawa haombi maji. Unamnyima maji na unampa kinachomkausha! Tena baadhi ya watoto inawageuza: badala ya kulala anachangamka kupita kiasi, anapiga kelele hadi Manyoni. Kama mtoto ana mzio wa kweli na daktari kamwandikia, fuata kipimo cha daktari. Mengine yote, hapana. Wala kijiko cha dawa ya kikohozi, mzee unayetabasamu hapo, hapana.

Kuna atakayesema: si tupande treni? Pandeni. Treni ya umeme ya SGR, ile reli mpya, hadi Dodoma inachukua kama saa tatu na nusu hadi nne, choo kimo ndani, mtoto anatembea. Lakini abiria wa Mwanza anashukia Dodoma na bado ana basi la kupanda, mizigo kichwani na mtoto mgongoni. Anayeweza kulala Dodoma usiku mmoja, huo ni mpango mzuri sana. Asiyeweza, turudi kwenye basi.

Muda naona umekwisha, mratibu ananionyesha saa. Yaliyobaki nayapitia mbiombio.

Siti. Kateni katikati ya gari, mbali na tairi za nyuma, maana huko ndiko kunakorusha na kutapisha. Si siti ya mlangoni. Upande? Mkiondoka asubuhi kwenda Dodoma gari linaelekea magharibi. Mwezi Juni jua liko kaskazini, kwa hiyo upande wa dereva ndio unaoungua. Kaa upande wa mlango. Desemba ni kinyume chake. Mkishatoka Dodoma kwenda Singida barabara inapanda kaskazini na jua la jioni linahamia kushoto, hapo tundikeni kanga dirishani. Mkiweza kulipia siti ya mtoto, lipieni. Akipakatwa, mkanda uwe wako peke yako, usimfunge naye ndani. Gari likigonga, uzito wako wote unambana yeye.

Mabasi ya usiku, yaliyoruhusiwa tena mwaka 2023: mtoto analala, ni kweli, ila Singida mwezi wa saba usiku kuna baridi ya kweli, na kuchimba dawa gizani si mchezo. Bebeni tochi.

Kutapika huwapata zaidi walio juu ya miaka miwili. Chipsi mayai za stendi na katuni za kwenye simu ndivyo visababishi viwili vikubwa. Zima simu, atazame mbele.

Chakula: ndizi mbivu, mayai ya kuchemsha yakiwa na maganda yake, mkate, viazi vya kuchemsha. Uji uwe wa moto kabisa kwenye chupa ya chai, ukibaki vuguvugu saa mbili mwageni. Maziwa ya unga bebeni unga peke yake na maji ya moto peke yake, changanyeni anapotaka kunywa. Kuku wa Singida kuleni ninyi.

Michezo nimeandika ukurasa mzima hapa, sitausoma. Mpeni vikombe viwili vya plastiki na vifuniko vya chupa vikubwa visivyomezeka, toeni kimoja kimoja, kila saa kimoja.

Mizigo: begi la mtoto lisiende kwenye buti. Konda atalichukua mkononi mwako kwa upole kabisa, atasema, "Dada, leta nikuwekee." Usimpe. Ndani yake mna pampasi, kopo, ORS, nguo mbili za kubadili za mtoto na blauzi moja ya kwako.

Haya, maswali. Tuanze na baba yule wa nyuma, aniambie kwenye safari yao begi hilo hushikwa na nani.