Karatasi Hii Ni ya Rekodi Ipi? Kutafuta Nota na Tabo za Gitaa la Surf

Wapenzi wa surf, ule muziki wa gitaa la umeme uliovuma Kalifonia mapema miaka ya 1960, habari za jioni, na ahsanteni kwa kufika. Naanza na swali ambalo kila mmoja wetu angelibandika juu ya meza yake ya mazoezi: karatasi hii ni ya rekodi ipi? Mtu anatafuta nota za "Walk, Don't Run", anapata kurasa kumi, anachukua ya kwanza na kuihangaikia wiki nzima. Akija kuweka rekodi apige nayo, hakuna kinachooana. Analaumu vidole vyake, na vidole havina kosa. Karatasi ni ya mtu mwingine.

Tuutazame wimbo huo huo. Aliyeutunga ni Johnny Smith, mpiga gitaa wa jazi, aliyeurekodi mwaka 1954. Chet Atkins akaupiga kwa mtindo wake wa vidole. The Ventures, vijana wa Tacoma, jimbo la Washington, waliupata kwa Atkins, wakaurahisisha, wakautoa mwaka 1960. Katika rekodi hiyo Bob Bogle ndiye aliyepiga solo, na Nokie Edwards alishika besi. Baadaye Edwards akahamia kwenye solo, na mwaka 1964 kundi likaurekodi upya kwa sauti ya surf hasa. Kwa hiyo jina moja lina angalau karatasi nne tofauti, na zote zinaweza kuwa sahihi. Mkitafuta, andikeni jina la wimbo, jina la kundi na mwaka. Bila mwaka mtaletewa mchanganyiko.

Tahajia nayo ina visa vyake. "Misirlou" huandikwa pia "Miserlou". "Wipe Out" huandikwa kwa neno moja au mawili. Tafuteni kwa namna zote. Kwenye maduka ya nota yenye leseni, kama Musicnotes na Sheet Music Plus, jaribuni pia jina la mtunzi: "Pipeline" chini ya Spickard na Carman, vijana wa The Chantays, "Walk, Don't Run" chini ya Johnny Smith. Msipoteze muda kwenye maktaba za nota za bure kama IMSLP, kwa sababu nyimbo hizi za miaka ya 1960 bado zina hakimiliki. Kununua karatasi moja yenye leseni kuna faida nyingine: kwa kawaida ukurasa wa kwanza huonyeshwa kabla hujalipa, na ukurasa huo unatosha kuamua.

Mnaamuaje? Kwanza tazameni ni karatasi ya chombo gani. Nyingi zilizochapwa zamani ni za kinanda: mistari miwili ya nota, na kodi, yaani nota kadhaa zinazopigwa pamoja, zimeandikwa juu. Hizo ni mifupa tu. Zitawapa mpangilio wa kodi na sauti kuu, lakini hazisemi uzi gani wala freti gani (kijichuma kipi shingoni mwa gitaa), na mara nyingi ufunguo umebadilishwa ili mpiga kinanda asipate shida. Kumbukeni pia kwamba nota za gitaa huandikwa oktava moja juu ya zinavyosikika. Ukisoma karatasi ya kinanda kana kwamba ni ya gitaa, kila kitu kitatoka chini, na surf iliyoshuka oktava nzima hunguruma tu.

Tabulatura, ambayo sote tunaiita tabo, ina mistari sita, na wa chini kabisa ni uzi mnene. Inaonyesha mahali pa kidole. Tabo ya maandishi matupu haionyeshi muda wa nota, kwa hiyo bila rekodi masikioni haisomeki. Faili za Guitar Pro, programu ya kuandikia tabo, zenye viambishi kama gp5 au gpx, zinaonyesha muda na zinapigika. TuxGuitar ni programu ya bure inayofungua gp3 hadi gp5, na MuseScore, ya bure pia, inaweza kuzigeuza kuwa nota za kawaida. Tovuti ya Songsterr hukupigia tabo huku unaitazama. Ila kusikia kompyuta ikipiga vizuri hakuthibitishi kwamba tabo ni sahihi. Kompyuta hupiga makosa kwa ufasaha ule ule.

Hapa nataka tukae kidogo, tuichukue "Misirlou". Ni wimbo wa mashariki ya Mediterania, uliorekodiwa tangu miaka ya 1920, na jina lake lina maana ya mwanamke wa Misri. Sikio la Kiswahili linalisikia neno Misri humo ndani. Dick Dale, ambaye baba yake alikuwa wa asili ya Lebanoni, aliurekodi kwa gitaa la umeme mwaka 1962. Ngazi yake, ukianzia E, ni E, F, G#, A, B, C, D#, kisha E. Kwa aliyelelewa na sol-fa ya kwaya: do iwe E, halafu re na la zote zishushwe nusu. Kutoka F hadi G# kuna mruko wa nusu-hatua tatu, na mruko huo ndio roho ya wimbo. Aliyekua na taarab ya Unguja ataufahamu mara moja, kwa sababu ni jamaa wa maqamu, yaani ngazi ya sauti ya Kiarabu, iitwayo Hijazi.

Sasa shikeni uzi wa sita, ule mnene. Wazi, freti ya kwanza, freti ya nne. Tabo mbaya huandika freti ya tatu, na papo hapo wimbo unakufa. Kosa la pili limejificha zaidi: nota ya A imeandikwa uzi wa tano wazi badala ya uzi wa sita freti ya tano. Kwa sauti ni nota ile ile. Lakini sehemu hii hupigwa juu ya uzi mmoja, piki, kile kipande cha kukwaruzia nyuzi, ikienda chini na juu bila kukoma, na kidole kikiteleza kutoka freti hadi freti. Ukihamia uzi wa tano, mteremko unakatika, piki inaruka, na unene wa sauti unapotea. Ukiona tabo inatapanya nota hizo nyuzi tatu, jua ilitolewa kwenye faili la kompyuta na mtu ambaye hakushika gitaa. Iacheni.

Kipimo kingine ni kuhesabu bari, vile vipande vya mapigo vinavyotengwa kwa mistari ya wima. "Wipe Out" ya The Surfaris, ya mwaka 1963, imejengwa juu ya bluzi ya bari 12 katika C. Raundi ya gitaa ikiwa na bari 11 au 13, kuna kitu kimedondoka. "Walk, Don't Run" ya The Ventures inafungua kwa kodi zinazoteremka: Am, G, F, E. Kwa sol-fa mizizi yake ni la, so, fa, mi. Ile E ni meja, ina G# ndani. Karatasi ikiandika Em hapo, aliyeiandika alibahatisha, na huenda alibahatisha kwingine pia.

Baada ya karatasi kupita mtihani huo, ipelekeni kwenye rekodi. Programu ya Audacity inapunguza mwendo bila kushusha kimo cha sauti. Asilimia 70 inafaa. Chini ya 50 sauti inachanika na nota zinafichana. Rekodi nyingi za zamani haziko sawa na A ya 440, kipimo cha kawaida cha kulinganishia vyombo, kwa sababu mashine za tepu zilikwenda kasi au polepole kidogo. Usikaze nyuzi kwa kubahatisha. Rekebisha kimo cha sauti ya faili mpaka uzi wa sita wazi ukubaliane na E ya rekodi. Na kama una toleo la stirio, sikiliza upande mmoja peke yake. Enzi hizo mara nyingi vyombo vilitengwa kushoto na kulia, kwa hiyo unaweza kuipata rithimu ikiwa karibu tupu.

Chungeni mwangwi. Fender walitoa kisanduku chao cha mwangwi wa springi mwaka 1961, na baada ya hapo surf ikalowa mwangwi. Nota fupi iliyozibwa kwa kiganja hutoa tone la sauti nyuma yake, na mwandishi wa tabo huliandika kama nota ya pili. Ukikuta nota ndogo za mabano mahali ambapo mkono hauna nafasi ya kuzipiga, hizo ni springi. Halikadhalika alama za kuvuta uzi. Wapigaji wale walitumia nyuzi nene, mara nyingi na uzi wa tatu uliosokotwa kwa waya, usiovutika kirahisi. Mtetemo uliosikika ulitoka kwenye mkono wa daraja, ile fimbo inayotikisa daraja, yaani kipande kinachoshika nyuzi upande wa chini, kwa hiyo badilisheni alama hiyo kwenye karatasi yenu.

La mwisho ni rithimu na besi. Tabo nyingi ni za solo tu, na "Pipeline", katika Em, haisimami kwa solo. Inafunguka kwa uzi wa sita ukiteleza kwenda chini, kisha mapigo yaliyozibwa karibu na daraja. Kiganja kikisogea mbele sentimita moja, uzi unakuwa bubu. Kikirudi nyuma, unalia mno. Tabo huweka herufi mbili tu, P.M. (palm mute, kuziba kwa kiganja), na haisemi zaidi. Kwa hiyo chukueni penseli, andikeni pembeni kiganja kiko wapi, piki inaanza chini au juu, na bari ipi besi inaingia. Anzeni na mapigo 60 kwa dakika, nota nne kila pigo, na muongeze manne kila mnapopiga dakika mbili bila kukwama.

Sasa nani amekuja na gitaa lenye uzi wa tatu uliosokotwa? Karibu mbele, tuzisikilize bari nane za kwanza.