Mnalipwa sawa na Wazungu? Leo najibu

Haya wapendwa, hamjambo. Kila nikifungua maoni nakuta swali lilelile: "Dada, huko Uingereza manesi mnalipwa sawa na Wazungu?" Najua nikisema ndiyo, naringa, nikisema la, nalalamika na huku nakula paundi. Sawa tu, nitasema.

Kwa daraja, tunalipwa sawa. NHS, yaani huduma ya afya ya umma ya huku, ina mfumo wa madaraja ya mishahara tangu 2004, na nesi wa daraja la 5 ni wa daraja la 5, awe katoka Kilifi au Leeds.

Kazi iko kwenye kupanda. Mimi nimekuja na miaka yangu ya wodini Kenya, nikawekwa la 5 pamoja na waliotoka chuo juzi. Mmoja wao, binti wa Kizungu, nilimfundisha mimi, hadi kabati la dripu nilimwonyesha mimi. Sasa yeye ndiye ananipangia zamu. Mimi kwenye usaili niliambiwa niongeze kujiamini. Lakini usiku, yule mkubwa wa zamu akikosekana, wodi nzima naachiwa mimi! Hapo kujiamini kwangu kunatosha, ila mshahara haubadiliki.

Wala si maneno yangu tu. NHS wenyewe wanalipima jambo hili tangu 2015, na ripoti zao zinaonyesha Mzungu akishaitwa usaili ana nafasi kubwa ya kupewa kazi kuliko sisi. Wanajua, na wanachapisha.

Halafu kuna uanamke. Nafanya kazi na kaka mmoja Mkenya, mweusi kama mimi. Yeye wagonjwa wanamwita daktari. Mimi nikiingia na trei ya dawa naulizwa chai inakuja saa ngapi. Tangu 2017 waajiri wenye watu 250 na zaidi walilazimishwa kutangaza pengo la malipo kati ya wanaume na wanawake. Kwa rangi hawakulazimishwa. Sasa mimi niliye vyote viwili sijui nahesabiwa wapi.

Mtasema nishtaki. Sheria ya kuzuia ubaguzi ipo, ya 2010, lakini kabla ya kufika mahakama ya kazi unapitia Acas kwanza, shirika la kusuluhisha migogoro ya kazi, fomu juu ya fomu. Na visa yangu inamtegemea mwajiri. Kazi ikiisha na visa ikikatwa, kwa kawaida unapewa siku 60 utafute mwajiri mwingine, na mtoto yuko shule, na kodi ya nyumba haingoji. Ukaazi wa kudumu nao, Aprili 2025 ada ilipandishwa hadi paundi 3,029 kwa kila kichwa. Mtoto hapunguziwi hata senti. Na bado shangazi yangu kanitoa kwenye kundi la harusi la WhatsApp, eti mchango wangu ni wa mtu aliyebaki Kilifi. Shangazi, najua unatazama.

Haya ni yangu, msiyabebe kama ya kila mtu. Rafiki yangu wa Kakamega yuko London, kashapanda daraja la 7. Mimi ningekuwa nakuja leo, ningejiunga na chama cha wafanyakazi mapema, na kila ninapoachiwa wodi ningeandika tarehe. Wewe angalia hali yako.

Na yule kaka anayeandika "si urudi nyumbani" kila video: nitumie nauli ya watu watatu, pamoja na barua ya kaunti inayosema mshahara utaingia kabla ya tarehe tano.