Watoto mabonge wa Uingereza? Uingereza ipi sasa?

Mambo vipi familia, mnanisikia vizuri? Leo sina filta wala nini, nimetoka shifti ya usiku macho yenyewe ndo haya mnayoyaona, chai yangu hii hapa, tuongee. Kuna ndugu yangu mmoja kwenye komenti za video iliyopita kaandika "dada mbona watoto wa Uingereza mabonge hivyo, wanalishwa nini huko?" na chini yake watu mkajaza emoji za kucheka. Nilitaka kumjibu palepale nikashindwa, mana na mimi swali langu ni moja tu, Uingereza ipi bana? Mimi nimeishi Uingereza mbili ndani ya hii hii moja.

Nilipofika nilikaa Surrey, kule kusini, nilikuwa kea, yani mhudumu wa wazee, wa kulala ndani kwa bibi mmoja mzee, mtaa una miti, nyumba zina bustani nyuma, jioni watoto unawakuta wana matope hadi magotini, leo hoki kesho kuogelea keshokutwa farasi, yani farasi kabisa jamani. Miaka mitatu naona hivyo nikajua ndo nchi ilivyo. Alafu maisha yakanisukuma huku Sandwell, West Midlands, kodi ya nyumba nafuu, kazi zipo, na siku ya kwanza nashuka kwenye basi nikahesabu maduka ya chipsi na kuku wa kukaanga mpaka mlangoni kwangu, tisa. Bustani hamna, kuna kiwanja cha lami na bembea moja imekatika mnyororo.

Sasa hapa England, nasema England yenyewe siyo Scotland wala Wales mana wale wana vipimo vyao, tangu mwaka wa masomo 2005/06 serikali inapima watoto wa shule za umma urefu na uzito mara mbili, wakianza lile darasa la awali wanaloliita Reception, miaka 4 hadi 5, na wakifika mwaka wa sita, miaka 10 hadi 11. Kila mwaka zaidi ya watoto milioni. Mzazi unaweza kukataa, mimi sikukataa, sikujua hata kama kuna cha kukataa. Basi mwanangu kapimwa, barua ikaja, imeandikwa kwa upole kweli lakini ukiisoma kwa Kiswahili inasema mama fulani mwanao kapitiliza. Nililia, nisiwadanganye. Alafu nikakasirika, mana nani kampikia huyu mtoto kama siyo mimi na nani kamwacha na hela ya chipsi siku za shifti kama siyo mimi huyohuyo.

Usiku kazini wazee wakilala nikaanza kusoma takwimu zao, ziko wazi kwenye mtandao yeyote anasoma. Mwaka 2023/24 kwa nchi nzima, watoto wa Reception wenye kiribatumbo, yani unene uliopitiliza, walikuwa asilimia 9.6, wa mwaka wa sita asilimia 22.1. Na ujue chati wanayopimia ni ya watoto wa mwaka 1990, mstari wameuchora pale ambapo zamani hizo watoto 5 tu kati ya 100 walikuwa juu yake, sasa hivi wa mwaka wa sita wako 22. Lakini hiyo ni wastani, na wastani ni muongo, mana ukifungua kwa maeneo, mitaa maskini kabisa wale wa mwaka wa sita ni asilimia 29.2 na mitaa yenye nafasi zake ni asilimia 13.0. Kaskazini Mashariki na huku kwetu West Midlands tuko kule juu mwaka baada ya mwaka, na kule Kusini Mashariki nilikotoka ni kati ya walio chini kabisa.

Kilichoninyima usingizi ni kitu kingine. Angalia wale wadogo, maskini asilimia 12.9, wenye nafasi 6.0, tofauti pointi kama 7. Wakifika mwaka wa sita tofauti ni pointi 16. Yani mtoto anaingia shule na kipengo kidogo, anakaa mtaani kwake miaka sita, na ni humo kipengo kinapanuka, na siyo kwamba mama zao walibadilika tabia.

Mkitaka kuona kwa macho, London kuna treni ya laini ya District, unapanda Richmond upande wa magharibi, unakaa tu hubadilishi, unashuka Barking upande wa mashariki. Treni ileile siti ileile. Unakopandia ni kati ya sehemu zenye watoto wachache kabisa wenye kiribatumbo England nzima, unakoshukia ni kati ya zenye wengi kabisa. Nimewahi kuipanda hiyo safari nikaanza kuangalia wanaopanda na kushuka, kinachobadilika kwanza ni viatu, alafu mifuko ya shopingi, alafu harufu ya kuku.

Najua kuna wa kuniambia dada ni uvivu hao, au ni damu. Sawa, niambie basi hii. Kabla ya korona Reception ilikuwa asilimia 9.9, mwaka 2020/21 watoto wamefungiwa ndani ikaruka mpaka 14.4, mwaka uliofuata ikashuka mpaka 10.1. Damu gani hiyo inabadilika kwa mwaka mmoja na kurudi? Walichofungiwa ni bustani na shule na chakula cha shule, basi. Na kuna shirika linaitwa Food Foundation lilipiga hesabu 2023 kwamba kaya maskini kabisa zikitaka kula vile serikali inavyoshauri zitumie kama nusu ya hela inayobaki baada ya kodi ya nyumba. Nusu! Alafu mtu anasimama kwenye tivii anasema pikeni mboga.

Kuna jambo la watoto wetu weusi pia nigusie, mana wazazi wengi wa Kiafrika wanaletewa hizo barua na wanaona wanasemwa vibaya. Kwenye takwimu hizo watoto weusi ndo wanaongoza, ni kweli, na wengi wetu tunaishi mitaa hiyohiyo ya maduka tisa. Ila hicho kipimo chenyewe wanachoita BMI, uzito ukilinganishwa na urefu, kina kasoro kwetu, watafiti wamekuta watoto weusi kinawazidishia mafuta ambayo hawana, na wale wenye asili ya India na Pakistani kinawapunguzia, anaonekana mwembamba kumbe mafuta yapo. Kwa hiyo barua usiichane, ila usiipokee kama hukumu. Mwanangu nilimpeleka kwa nesi, akamwangalia mtoto mwenyewe siyo namba tu, akasema bado kuna kazi ya kufanya, nikakubali.

Na siyo kwamba hakuna kilichofanyika. Ushuru wa soda za sukari ulianza Aprili 2018, kampuni zikapunguza sukari zenyewe kukwepa kulipa, na watafiti wa Cambridge wakakuta wasichana wa mwaka wa sita kiribatumbo kilipungua kwa kama asilimia 8 ya kile kilichotarajiwa, nafuu kubwa ikiwa mitaa maskini. Wavulana hakikupungua, ndo hapo nikamwangalia wa kwangu. Leeds nako walikaa na wazazi wa watoto wadogo, kuwafundisha namna ya kukaa na mtoto mezani, siyo kuwasomea orodha ya vyakula, na kati ya 2009 na 2017 Reception ikashuka kutoka asilimia 9.4 mpaka 8.8, na mitaa yao maskini ikashuka zaidi. Mtasema ni kidogo, lakini miji mingi miaka hiyo haikushuka hata hicho kidogo. London nao wanazuia maduka mapya ya chipsi ndani ya mita 400 kutoka shuleni, sawa, ila yale ya zamani yapo palepale yanawangoja watoto kengele ikilia.

Sasa mwanangu Septemba anaanza sekondari. Huko shule haiwapimi tena, barua haiji, na wanatembea wenyewe na hela zao mfukoni na marafiki ambao wote wana njaa saa tisa na nusu. Juzi nikaitembea hiyo njia ya shule kwa miguu, kutoka geti mpaka mlangoni kwetu. Kumi na moja. Haya ndugu yangu wa komenti nimekujibu, nalala mimi, saa mbili usiku naingia tena shifti.